Jiko Bila Moshi Siku ya Wakwe

Nyumbani kwangu hakuna maji yanayotumika mara moja yakamwagwa. Ukioga, unaoga ndani ya beseni, na beseni hilo unalibeba mwenyewe hadi kwenye mpapai. Kila mtu wa boma hili ana mpapai wake. Wa mke wangu umenenepa, umezaa mpaka tukauwekea mti wa kuuegemeza. Wangu ni mwembamba. Majirani wamesema sababu yake wazi wazi mbele yangu. Mimi nasema ni udongo.

Shule nilifika darasa la tatu, basi. Mengine nilijifunza nikisukuma mkokoteni wa maji pale mjini Wote, kisha nikipasua mawe ya kujengea mpaka nikawa na watu wa kunipasulia. Nyumba hii ya mawe, tangi lile la maji ya mvua, miti ile ya mukau iliyosimama mpakani, hakuna mtu alinipa. Kwa hivyo nikisema neno hapa, ni neno limeshalipiwa. Nilikataza mifuko ya plastiki ipite geti langu kabla hata serikali haijafikiria. Soko la Nunguni naenda na kiondo cha mke wangu begani. Mwanamume akibeba kiondo kwetu hutazamwa kama amefiwa. Wacha watazame. Nyanya zangu zinafika nyumbani zikiwa nzima.

Lakini kilichonivunjia usingizi ni kuni. Kilima cha nyuma yetu nilikijua kikiwa na nywele, sasa kina upara kuliko mimi. Na sisi ni watu wa muthokoi. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakachanganywa na maharagwe, na kuyaivisha ni kazi ya kutwa. Sufuria moja inakula mti.

Basi siku moja akaja kanisani msichana wa mambo ya kilimo, na kikapu kilichoshonewa blanketi kwa ndani. Akasema chemsha chakula kidogo tu, kikiwa kinatokota ukitie humu, ufunike, uende shamba. Kitajiivisha chenyewe kwa ule moto wake. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliuliza kama ana kikubwa zaidi, kwa sababu kile kingeshibisha bwana harusi na bibi harusi peke yao. Akasema hana. Nikaenda nyumbani nikifikiria, na nikiwa nimelala nikifikiria hivyo, nikagundua niko juu ya jibu.

Hebu fikiria wewe. Kitanda kinakaa bure mchana kutwa. Godoro liko, blanketi ziko, mito iko, na vyote havina kazi mpaka jua lizame. Kesho yake nilimwambia mke wangu atie muthokoi kitandani. Aliniuliza kama nimepigwa na jua. Alitia, lakini alitia kwa upande wangu. Saa ya chakula muthokoi ulikuwa laini, na kuni zilizotumika ungezishika kwa mkono mmoja. Kwa muda alilalamika kwamba analala ndani ya harufu ya maharagwe. Baadaye akaona anapata nafasi ya kwenda kwa kina mama wenzake bila kukimbia kurudi kuchochea moto, akaacha kulalamika, akaanza kunifundisha mimi namna ya kufunika vizuri.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi wakati kitindamimba wetu wa kike alipotuambia kuna watu wanataka kuja.

Kijana mwenyewe ni fundi wa malori Mtito Andei. Baba yake ana hoteli ya madereva pale pale kando ya barabara. Huyo ni mtu wa moshi. Hana bango mlangoni, hana haja nalo. Madereva wakiona moshi wake kwa mbali wanaanza kupunguza mwendo. Walikuwa wanakuja kujitambulisha tu, mambo ya mbuzi wa mahari yalikuwa bado, lakini kwetu siku hiyo ndiyo wazee huamua mioyoni mwao. Asubuhi binti yangu alinikuta nikipiga viatu rangi. Huwa si mtu wa maneno mengi.

"Baba," akasema, "huyu nimempenda. Usinipotezee."

Nikamwambia aende akavae.

Sasa kuna jambo mtu wa nje hawezi kulijua. Kwetu mgeni haambiwi kwamba anapikiwa. Kumwambia ni kama kumshuku kwamba amekuja kwa sababu ya njaa. Mgeni anakaa, anaongea habari za mvua, na jicho lake linajitafutia moshi wa jikoni. Likiuona, anatulia. Lisipouona, ameshajua unavyomdharau.

Mke wangu hilo alilijua. Alichemsha muthokoi na jogoo kwa moto mdogo wa alfajiri, akauzima, akavipeleka kitandani. Kisha akaja akaniambia, "Mzee, wakikaribia washa hata gunzi moja."

"La kupika nini?"

"La kuonekana."

Nikamwambia katika boma hili hakuna mti utakaochomwa ili uonekane. Akageuka, akaenda kumalizia kufunika. Mfuniko wa ile sufuria kubwa huwa haukai vizuri, kwa hivyo aliufunga na leso ya maua, fundo likaja mbele. Akapandisha blanketi mpaka shingoni mwa sufuria. Sufuria ndogo ya jogoo akaizungushia shali ya mjukuu, akailaza ubavuni mwa ile kubwa.

Walifika jua likiwa limepanda. Baba wa kijana, wazee kadhaa, kijana mwenyewe akiwa amevaa tai iliyomkaba, na shangazi yake, mama mnene wa kanisa, ambaye kikundi chao cha maombi hutembelea wagonjwa mpaka wodi zinawajua kwa sauti. Kwa upande wetu ndugu yangu ndiye aliyekuwa wa kunisemea. Tuliwakaribisha sebuleni, chai ikatoka kwenye chupa, mkate ukakatwa. Yule baba akakaa kiti kinachotazama dirishani, na dirisha langu linatazama jikoni. Jikoni mlango ulikuwa wazi. Katikati ya mafiga, juu ya jivu, alikuwa amelala paka.

Niliona akimtazama yule paka. Akaongea habari za mvua, akamtazama tena. Paka akajinyoosha, akageuka upande wa pili.

Shangazi akaomba mahali pa kunawa. Binti yangu akampeleka kwenye kibuyu chirizi, akamwomba asimame vizuri ili maji yaangukie mpapai. Mama wa watu akauliza huo mpapai mwembamba ni wa nani. Alipoambiwa, nasikia aliuonea huruma akanawa na miguu. Wakati wa kurudi alipita mlango wa chumba changu. Mke wangu alikuwa ameingia kupapasa sufuria kama bado ina moto, akatoka bila kurudisha mlango.

Huku sebuleni baba wa kijana alikuwa ameshika kofia yake.

"Muthoni," akasema, hivyo ndivyo tunavyoitana wakwe, "tumetoka mbali, na naona mko na uchovu. Hata jiko limepumzika. Labda tuwaache."

Ndugu yangu, ambaye alijua chakula kiko wapi, alinigeukia niseme kitu. Nikanywa chai. Sikuhangaika miaka yote hiyo na mawe ili nije kueleza watu katika nyumba yangu kwamba nina chakula.

Ndipo shangazi akaingia, uso umebadilika, akainama kwenye sikio la kaka yake. Akanong'ona sana. Yule baba akarudisha kofia gotini polepole.

"Muthoni, kuna mgonjwa kwa hii nyumba?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hapa hata mafua hayajaingia tangu mvua."

"Na yule aliyefunikwa kitandani na mtoto wake?"

Ningesema wakati huo, mambo yangekwisha. Lakini kati ya wakwe kuna nthoni, ile haya ya kuheshimiana, na mkwe haangalii kitanda cha mkwe mwenzake, sembuse kuuliza kina nini. Jicho la dada yake lilikuwa limeingia chumbani kwangu bila viatu kuvuliwa. Damu ilinipanda.

"Kitanda ni changu," nikasema. "Na kilicho juu yake ni changu."

Ndugu yangu alikohoa mpaka chai ikamtoka puani. Wale wazee wakatazamana. Kijana aliniambia baadaye kwamba waligawanyika hapo hapo: wengine walisema ni mama yangu mzazi nimemficha ili nisimlishe, wengine wakasema ni mke wa pili ana homa. Wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba nyumba inayoficha mgonjwa haiolewi, kwa sababu hujui inaficha ugonjwa gani. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Yule baba akainua kofia, safari hii akaivaa kabisa.

Shangazi ndiye aliyetuokoa, kama hiyo ni kuokoa. Akasema yeye waende wasiende, hajawahi kumwacha mgonjwa bila maombi na hataanza leo. Akatoka, na kwa kuwa mtu wa maombi hazuiwi, sote tukamfuata. Wanaume tulisimama kwenye korido kwa ajili ya nthoni, vichwa vimeinama, macho tumefumba. Yeye aliingia mpaka kitandani.

Akaweka mkono juu ya blanketi. "Ana moto, Bwana," akasema. "Ana moto sana."

Wakasema amina.

Muthokoi ukiwa umefunikwa vizuri hauachi kuongea. Unatoa mapovu polepole, kwa sauti nzito. Shangazi akainamisha sikio. "Kifua kimejaa, Bwana. Unasikia wewe mwenyewe."

Mke wangu alikuja mbio kutoka stoo na sahani mkononi. Akasema, "Mama, samahani, hiyo ni..." Lakini shangazi alipandisha sauti, kama watu wa maombi wanavyofanya Shetani akitaka kuwakatiza. Mke wangu ni mlokole. Huwezi kukatiza maombi. Akafumba macho akasimama na sahani zake. Na mimi nilifumba. Siwezi kusema niliomba nini, ila niliomba kisimwagike.

Alipomaliza na mkubwa akamgeukia mdogo. Nilifungua jicho moja. Alikuwa amemnyanyua jogoo wangu katika ile shali, amempakata kifuani. "Na huyu malaika, Bwana, ona alivyo mzito, hana kosa..." Kisha joto likapita shali, akamrudisha haraka. "Anaungua huyu! Fungueni dirisha, apate hewa!" Akarukia fundo la leso, amfungue mama uso.

Mvuke ulitoka ukamfunika hadi kilemba. Nyumba yote ikanukia.

"Ni muthokoi," akasema shangazi, kwa sauti ya daktari anayewapa watu majibu.

"Amina," akajibu yule baba kwenye korido, macho bado amefumba.

Tulikula. Chakula kilikuwa na moto kama kimeteremshwa sasa hivi, na jogoo, ambaye alikuwa mzee kuliko baadhi ya waliomla, alikuwa ameachana na mifupa yake kwa hiari. Shangazi alisema amekiombea kwa hivyo ana haki ya kuongezwa, akaongezwa. Kijana alilegeza tai. Nikadhani tumevuka.

Lakini baba yake alikula akitazama dirishani. Alipofuta mikono akasema, "Muthoni, chakula ni kizuri, siwezi kudanganya. Nitafika nyumbani waniulize kama tulipikiwa. Nitasema ndiyo. Wataniuliza tuliona moshi. Nitawaambia nini? Kwamba tulikuta chakula kimelala?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kile kilima chenye upara, na mwendo aliokuwa akitembea mke wangu kutafuta kuni, na ningeweza kumwuliza hoteli yake imekula miti mingapi ya watu. Yote yalikuwa yamejipanga kinywani. Binti yangu alikuwa akikusanya sahani. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, na heri angeniangalia.

Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikamtoa paka. Nikaweka magunzi, nikaweka na tawi moja kavu la mukau wangu mwenyewe, nikawasha. Juu yake nikatupa majani mabichi ili kuwe na moshi wa maana. Juu ya mafiga hapakuwa na kitu. Nilisimama pale nikiupepea kwa kofia yangu, mtu mzima, nikiyapikia macho ya mtu, na ukapanda ukapita dirishani kama ulivyotakiwa.

Niliporudi, yule baba alikuwa amesogeza kiti. Aliutazama mpaka akatosheka. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mbuzi tutaleta baada ya mavuno," akasema.

Leo binti yangu ana nyumba yake Mtito Andei, na kitanda chake hakikai bure mchana. Nasikia baba mkwe wake akitaka kula hutuma mtu amwulize kama mgonjwa anaendelea vizuri.

Siku ile walipoondoka nilienda jikoni kuuzima ule moto. Nilimkuta mke wangu ameshatia sufuria ya maji juu yake. Nikamwuliza ya nini. Akasema moto ukishawaka hauwezi kuachwa uwake bure, si ni mimi ndiye nimesema, na akanipa beseni.

Nilioga. Mpapai wangu haukuamini.