Mtoto Hakuja na Boti ya Diwani

Kuna siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa kijana kama wewe. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo, mashamba yetu ya mpunga karibu na Kilelengwani yamegeuka ziwa, nasi tumekimbilia mwinuko mdogo, watu na mbuzi pamoja. Dada yangu Rehema alishikwa na uchungu wa kuzaa hapo hapo.

Baraza la madiwani lilikuwa limeleta boti ya injini ya kuokoa watu, nayo ilikuwa mikononi mwa diwani wetu, mtoto wa kijiji, tuliyemchagua kwa vifijo. Tukaiona inakuja. Tukapunga kanga, tukaita. Ikapita. Ndani mlikuwa na wageni wa chama, anawapeleka Kipini kula samaki na kupanga kampeni. Naye akatupungia mkono, mwanangu, kama bwana harusi.

Nyanya yetu alimwita mjomba na mtumbwi wake, tukaupanda mto kwa pondo na kasia kuelekea hospitali ya Ngao, mvua ikitupiga. Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwa Nyanya. Akalia. Sote tukalia.

Kesho yake diwani akaingia wodini na mpiga picha, akanyoosha mikono apewe mtoto. Nyanya akasimama katikati.

"Huyu hakuja na boti yako," akamwambia.

"Nyanya, tusilete siasa hapa."

"Sileti siasa. Nakwambia utoke, mzazi alale."

Akatoka.

Ungedhani yaliishia hapo. Wapi! Uchaguzi ulipofika tulimrudisha, eti ni wetu. Akatoka baraza akaingia bunge la kaunti, akatoka huko akawa mwenyekiti wa bodi ya mji, na sasa anautaka ubunge. Kila ngazi tulimshikilia sisi wenyewe, tena kwa nyimbo.

Na jana nimekukuta sokoni Garsen umevaa fulana yenye picha yake, unawaambia akina mama kwamba mheshimiwa ni mtu wa watu. Watu gani? Wazee walisema akumulikaye mchana, usiku atakuchoma. Huyu alituchoma mchana kweupe, nawe unampelekea kuni.

Sikukatazi siasa, mwanangu. Ninachokuomba ni hiki: usimpe mtu kura kwa kuwa mmetoka ukoo mmoja, maana kikulacho ki nguoni mwako. Muulize alichokabidhiwa jana alikifanyia nini, na umuulize mbele ya watu. Na ukija kupewa cheo wewe, kwa sababu ulimi unao na watu wanakusikiliza, ujue cheo ni dhamana. Anza na aliye hoi, wakubwa watasubiri. Hiyo fulana ivue.

Mungu akupe afya, akupe riziki ya jasho lako, akupe na haya usoni, maana kiongozi asiyeona haya hana la kumzuia.