Hotipoti la Da Ziada

Ukitaka kumjua Da Ziada wa Fittja, pembezoni mwa Stockholm, usianze na sura yake, anza na stoo yake. Sura ni ya kawaida tu, ya mama wa Kitanga aliyekaa Ulaya mpaka akazoea kuvaa ndara juu ya soksi. Habari iko kwenye stoo. Kila mpangaji wa jengo lile amepewa kichumba cha wavu huko chini, na majirani zake wameweka humo baiskeli, mapambo ya Krismasi na vitanda vya watoto ambao sasa wana ndevu. Da Ziada ameweka unga. Sembe, dona, ngano, magunia ya mchele aliyoyavizia bei iliposhuka sokoni Skärholmen, maharage, choroko, njugu mawe, tui la kopo, na dagaa waliofungiwa ndani ya ndoo mbili mbili ili Mswidi wa ghorofa ya kwanza asipate cha kulalamikia. Nyama iko juu, kwenye friza kubwa lililokaa sebuleni chini ya kitambaa cha kudarizi, na mgeni asiyejua huweka kikombe chake cha chai juu yake. Kabati la nguo la mumewe lilishageuzwa la viungo zamani. Jibril, dereva wa basi, mtu mpole kupita kiasi, alihamishia mashati yake chini ya kitanda wala hakuuliza, na mpaka leo akipita ananukia iliki.

Serikali ilipotumbukiza kijitabu katika kila mlango kuwaeleza watu waweke chakula cha akiba, isije ikawa vita au janga, Da Ziada alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Jibril, njoo usikie! Watu wazima, wana madigrii, wanafundishwa kuweka maharage ndani!" Akasoma kwa sauti: maji, makopo, mkate mkavu, redio ya betri. "Mkate mkavu! Vita vinakuja, wao wanawaza kifungua kinywa."

Bibi wa Kiswidi wa mlango wa jirani, maskini, alimwonyesha kwa fahari makopo yake ya supu. Da Ziada akayatazama, akabinua midomo, akamwambia kwa Kiswidi chake cha jikoni, maana kazi yake ni kupika katika shule, kwamba makopo hayo hayatamfikisha Jumatano.

Lakini shida ilipokuja haikuja na ving'ora. Ilikuja kimya kimya, kwa bei ya maziwa na kodi ya nyumba. Kampuni moja ya usafi ikanyang'anywa tenda, nyingine ikafunga ofisi bila kuwaaga wafanyakazi wake. Watu waliokuwa wakiitwa kazini kwa ujumbe wa simu wakabaki kuitazama simu. Hapo ndipo Fittja nzima ya Waswahili ikakumbuka kwamba kuna mwanamke ana stoo.

Na alitoa. Tumpe haki yake, alitoa. Hakuna aliyepanda ngazi zile akashuka mikono mitupu. Ila kila kilo ya unga ilikuwa na masimango yake, na masimango hayakupimwa, yalimiminwa tu. Optatus, Mhaya mmoja mwenye shahada ya uzamili na tai zake, alipokuja akijifanya amepita kusalimia, alipokelewa mlangoni.

"Optatus! Si wewe uliyekuwa unaletewa chakula na pikipiki mpaka kitandani? Leo pikipiki imepata pancha?"

Optatus akacheka, maana angefanya nini? Akacheka, akabeba sembe yake. Felicia, ambaye mwaka mmoja alikataa dagaa kwenye shughuli ya watu akaziba na pua, alipewa dagaa hao hao na kuambiwa wananukia vizuri mtu akiwa na njaa. Felicia naye akacheka. Walicheka wote, kisha wakitoka nje kwenye baridi wanamsonya mpaka stesheni.

"Mimi mdomo wangu ndivyo ulivyo, lakini moyo wangu mweupe," Da Ziada alipenda kusema, kana kwamba mdomo ule aliuazima kwa mtu.

Vyakula hivyo vyote aliwatilia katika makopo ya aiskrimu, kwa sababu hakuwaamini watu na mifuniko yake. Mtu mmoja tu alipelekewa chakula katika chombo cha heshima, naye ni Mama Christelle.

Mama Christelle, Concessa kwa jina lake, ni Mrundi wa jengo la pili, ng'ambo ya uwanja wa watoto. Alilelewa katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, Kiswahili chake alikipata huko, na hapa Stockholm kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha na kuwapa dawa. Ni mwanamke wa maneno machache. Akichekeshwa huficha meno kwa kiganja. Da Ziada hakuwahi kumpiga kijembe hata kimoja, na kama kuna mtu aliyempenda katika nchi hii baada ya Jibril, ni huyo.

Chombo chenyewe kilikuwa hotipoti la maua mekundu, alilotunzwa na shangazi yake siku ya harusi, akasafiri nalo kutoka Tanga amelipakata, akamkatalia mhudumu wa ndege aliyetaka kuliweka juu. Kila Idi hotipoti hilo lilivuka uwanja limejaa pilau, na kila mara lilivuka kurudi lina kitu ndani: maharage ya mawese, isombe, kisamvu cha kwao, iliyotwangwa ikatwangika, ndizi, mikate ya kukaanga. Halikurudi tupu hata siku moja. Wote wawili walilelewa hivyo, mmoja Tanga na mwingine kambini, kwamba chombo cha mwenzio hukirudishi hivi hivi. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, maana si la kuzungumza.

Idi Kubwa iliyopita hotipoti likaenda, halikurudi.

Da Ziada alisubiri. Akasubiri tena. Mama Christelle aliyekuwa akikaa naye kwenye benchi la pale senta, mbele ya maduka, sasa akimwona kwa mbali anajitosa ndani ya duka la dawa. Na si kwamba anaumwa, kwa kuwa kila asubuhi Da Ziada alimwona kwa dirisha akishuka kwenda kupanda treni, mkoba wa kazi begani. Kazi anayo, mshahara anao. Basi ni nini? Ni wizi, na kiburi juu yake! Mtu wa shida anajulikana, Da Ziada aliamini hivyo. Mtu wa shida huja, hulia, hupewa. Huyu hakuja.

Basi akaanza kusema. Alisema msikitini upande wa wanawake, viatu vikivuliwa. Alisema senta, alisema Skärholmen mbele ya muuza mihogo, alisema kwenye simu sauti ikiwa juu ili na Jibril asikie.

"Mwizi wa hotipoti! Nimemlisha miaka yote hii, kumbe alikuwa anapiga hesabu ya chombo."

Watu wakacheka. Waliosimangwa kwa sembe ndio waliocheka zaidi, wakashukuru Mungu zamu imehamia kwa mwingine.

"Si umuulize mwenyewe?" Jibril alisema siku moja.

"Nimuulize mimi, au aone haya yeye?"

Ukweli ambao asingeusema hata kwa kupigwa ni kwamba alikuwa na hamu ya kumwona. Idi Ndogo ilipofika, pilau lilimshinda kulila. Fittja nzima ilikuwa inacheka vichekesho vyake na hakuna kicheko hata kimoja alichokitaka, isipokuwa kile cha kuficha meno kwa kiganja. Kwa kuwa hakujua kuwa na hamu ya kumwona mtu bila kumkasirikia, Jumamosi moja mchana alijifunga ushungi, akavuka uwanja na mdomo umejaa.

Mlango ulifunguliwa na Christelle mwenyewe, binti wa miaka tisa au kumi hivi, nywele hazijasukwa.

"Mamma är inte hemma," mtoto akasema. Watoto wa huku ukiwasalimia Kiswahili wanakujibu Kiswidi.

"Hayupo, nami nitamngoja," Da Ziada akajibu, na tayari alikuwa ndani. Mtu mwenye stoo hana haya na jiko la mwenziwe. Akaenda moja kwa moja. Jiko lilikuwa safi, safi ile ya mahali pasipopikwa. Akafungua kabati: chumvi, mfuko wa makaroni uliokunjwa mdomo, majani ya chai. Akafungua friji, akaifunga. Juu ya friji, limeviringishwa kwa kitenge kizuri, maua mekundu yakichungulia, lilikuwa hotipoti lake.

"Ahaa! Lile pale!" Akalishusha mezani, akakifungua kitenge.

Mtoto akamkimbilia, akamshika gauni. Hapana, hapana, alisema kwa Kiswidi chake cha haraka, usilichukue, bado. Mama amesema haliwezi kurudi mpaka liwe na kitu ndani.

"Basi si atie kitu? Mwaka mzima?"

Christelle akamtazama, akaona huyu mtu mzima haelewi, akamweleza polepole kama anavyomweleza mdogo wake Yvan. Mama hana kazi. Kazi iliisha kabla shule haijafungwa kwa kiangazi. Asubuhi anatoka na mkoba, anakwenda kukaa maktaba kutafuta kazi kwenye kompyuta, ili majirani wasiulize. Siku moja alipata kazi ya siku chache, akapika wali na maharage, akalijaza hotipoti, akalifunga kitenge, akasema twende tumpelekee Da Ziada. Wakavaa makoti. Lakini nyumbani hakukuwa na chakula kingine, na Yvan alikuwa analitazama hotipoti, akaanza kulia. Mama akasimama pale mlangoni muda mrefu. Kisha akasema vueni makoti, leteni sahani.

"Mama naye alikula?" Da Ziada akauliza.

"Nej," mtoto akasema, akitikisa kichwa kukataa.

Da Ziada alikaa kwenye kiti cha jikoni. Aliona aibu, na aibu ilikuwa jambo geni kwake, hakujua aiweke wapi. Aliyakumbuka magunia yake kule chini, gunia juu ya gunia, na mbuzi ndani ya friza chini ya kitambaa cha kudarizi. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia akabebe nusu ya stoo. La pili likamkalisha tena: kila atakachobeba ni chombo kingine kitakachotakiwa kurudi, na baada ya yale aliyoyasema senta, nani angekila? Akapata wazo la tatu, akaliona ni la akili sana. Angeomba yeye. Mtu ukimwomba, umempa cheo. Ndivyo alivyojiambia, na kidogo roho yake ikatulia, kwani Da Ziada hakuwahi kukutana na jambo ambalo akili yake haikuliweza.

Ufunguo ukalia mlangoni. Mama Christelle akaingia na mkoba wake begani, amekonda, akamwona mgeni jikoni, akaona na kitenge kimefunguliwa.

Neno la msamaha lilikuwepo. Lilifika kooni kabisa. Lakini mdomo uliozoea njia moja hauigeuzi kwa siku moja, na kilichotoka ni kile kilichotungwa.

"Mama Christelle, nimekuja kukuomba chumvi. Yangu imeniishia."

Mama Christelle akaweka mkoba chini taratibu.

"Weye? Chumvi?"

"Imeniishia kabisa."

"Stoo yote ile." Hakucheka. "Da Ziada, miaka yote nakujua, na leo ndiyo unanitania kwa mara ya kwanza. Umechagua siku."

"Sikutanii, Wallahi…"

"Usiape. Kule kambini nilisimama foleni na sahani tangu ni mdogo kuliko huyu. Bwana aliyekuwa anatupimia mahindi alikuwa na mdomo kama wako. Kila kikombe na neno lake. Watu wanacheka, wanapokea. Nikasema nikitoka hapa, sitacheka tena ndiyo nile." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile ya siku zote. "Felicia alinipigia simu makusudi akanisomea yote. Ungesema nina njaa, ningenyamaza, njaa si siri. Umesema mwizi. Hawa watoto wanapita pale senta wakienda shule."

"Sikujua, mwenzangu. Ningejua…"

"Hukuuliza."

Akafungua kabati, akatoa mfuko wa chumvi. Da Ziada alidhani atamchotea kijiko. Mama Christelle alifungua hotipoti la maua mekundu, akalipangusa ndani kwa pindo la kitenge, akaukung'uta mfuko wote humo, mpaka punje ya mwisho, akafunika. Kisha akalishika kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama alivyolirudisha miaka yote, akampa.

"Lako hilo. Halikurudi tupu. Sasa hatuna kitu kati yetu."

Da Ziada alijikuta nje, mlango umefungwa nyuma yake bila kishindo chochote. Alisimama kwenye ngazi, hotipoti kifuani. Milango ya nyumba zile ni myembamba. Alimsikia Christelle akiuliza, safari hii kwa Kiswahili, kwa kuwa lilikuwa swali la nyumbani:

"Mama, sasa makaroni tutatia nini?"

"Tutapika hivyo hivyo," Mama Christelle akamjibu. "Leta sufuria."