Pete Iliyonyweshwa Zebaki

Shuleni Samuye mwalimu wa kemia alipiga mstari katikati ya ubao, upande huu dhahabu, upande ule zebaki, akatuambia tulinganishe. Somo lilikuwa kwa Kiingereza na vichwa vyetu vilikuwa vya Kisukuma, kwa hiyo tulikariri kama kasuku. Dhahabu ni ya njano, yabisi, unaweza kuiponda ikawa nyembamba bila kupasuka, haishiki kutu, na haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi elfu moja. Zebaki ni nyeupe, ni metali lakini inamwagika kama maji, inachemka kabla hata ya kufika nyuzi mia nne, na mvuke wake hauna rangi wala harufu, ila ni sumu. Zote mbili ni nzito, dhahabu ikizidi. Chini kabisa aliandika kwamba zikigusana, dhahabu huinywa zebaki na kugeuka nyeupe. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo, nikadhani nimemalizana nalo.

Baadaye nikaolewa Katoro. Baba mkwe alikuwa na mwalo wake nje kidogo ya mji, mahali vijana wanapoosha mawe yaliyosagwa ili mchanga mzito wenye dhahabu ubaki chini. Vijana hao hakuwaamini hata kidogo. Mchanga ukishapatikana aliubeba mwenyewe kwenye ndoo mpaka nyumbani, akawaachia wanawake kazi ya mwisho, kwa sababu mwanamke wa nyumbani, alisema, hana pa kukimbilia. Alisema hivyo akicheka, na mimi mgeni nikacheka naye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchanga unamwagwa kwenye beseni na maji kidogo, mama mkwe anatoa zebaki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, anadondosha, kisha unakanda kwa mikono mitupu mpaka zebaki imekusanya dhahabu yote. Ukimaliza unatia kwenye kitambaa na kukamua. Zebaki iliyobaki inachuruzika kupitia vidole, na ndani ya kitambaa kunabaki donge jeupe gumu kidogo, ambalo baba mkwe atalichoma ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Siku ya kwanza niliona msumari uliodondokea kwenye beseni ukielea juu ya zebaki, nikafurahi kama mjinga. Mwalimu alikuwa amesema chuma kitaelea, na kweli kilielea.

Sasa niseme habari ya pete. Babu wa mume wangu alilima pamba, na mwaka mmoja pamba ilipompa fedha alikwenda kwa sonara wa Kihindi Shinyanga mjini akanunua pete ya dhahabu. Tangu hapo pete ile huvaliwa na mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Mama mkwe aliivaa, kisha zamu ikawa yangu. Siku ya harusi aliyenivisha alikuwa shangazi yake mume wangu, mwanamke wa Ushirombo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wifi zake wote walimwogopa. Alinishika kidole mbele ya watu akasema, "Hii haivuliwi. Si kuoga, si kulala, si kuzaa. Ukiivua, umemvua mwanangu."

Kwa hiyo siku ile ya kwanza, mama mkwe aliponisogezea beseni nikande, nilisita. Nilimwonyesha kidole.

"Mama, na pete?"

"Si umeambiwa haivuliwi?" akasema. "Kanda, mwanangu. Jua linakwenda."

Nikakanda. Zebaki haikuchelewa. Kabla hatujakamua, pete ilikuwa na madoa meupe, na baada ya siku chache za kazi ilikuwa nyeupe yote, haina mng'ao, ungedhani imekatwa kwenye mfuniko wa debe. Niliisugua kwa majivu, nikaisugua kwa mchanga, wapi. Mume wangu niliyelala naye kitanda kimoja hakuiona. Alikuwa mtu wa kuangalia simu, na simu haina kidole.

Aliyeiona ni shangazi. Alikuja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu, nikapiga magoti kumsalimu.

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba hakuitikia. Alikuwa ameushika mkono wangu na hauachii. Aliugeuza, akautazama juu na chini, akaikuna pete kwa ukucha, kisha akauinua mkono ili sebule nzima ione.

"Hii ni bati," alisema. "Dhahabu ya baba yangu imekwenda wapi?"

Katoro mtu akitaka kuuza dhahabu hana haja ya kuuliza njia. Kila baada ya maduka mawili kuna mnunuzi amekaa na mizani yake. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Baba mkwe alisema polepole kwamba mwizi wa nyumbani ni mbaya kuliko wa mwalo. Shemeji akaweka chini sahani ya pilau. Shangazi akatoa hukumu akiwa bado ameushika mkono wangu: nirudishwe Samuye, na baba yangu arudishe ng'ombe.

Ng'ombe wale hawakuwepo. Walishaswagwa kwenda kumwoa mke wa kaka yangu, na mke wa kaka yangu alikuwa na mimba. Nikirudishwa kama mwizi, baba angelazimika kumtoa mkwewe ndani ya nyumba ili awapate ng'ombe, au angebaki na deni la aibu mpaka kaburini. Katika mawazo nilimwona akipokea simu hiyo shambani, jembe mkononi. Nikaeleza kwamba ni zebaki, kwamba dhahabu huinywa, kwamba nilikanda mchanga nikiwa na pete kidoleni. Baba mkwe akasema zebaki hushika unga wa dhahabu mchangani, haigeuzi pete ya sonara.

Shangazi akamgeukia mama mkwe. "Wifi, wewe ndiye uliye naye jikoni. Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa akikusanya vikombe. Mikono yake ilitetemeka vikagongana, lakini mikono yake ilitetemeka siku zote, na watu walisema ni uzee ingawa hakuwa mzee.

"Mimi huwa naangalia beseni," alisema. "Vidole vya watu siviangalii."

Nilimfuata jikoni. Sikumpigia kelele. Nikamwambia, "Mama, si uliniona? Wewe umeivaa miaka yote hiyo, ukakanda miaka yote hiyo, mbona kwako haikugeuka?"

Aligusa fundo la kanga kifuani. "Nilikuwa naivua, naifunga hapa. Nikimaliza nairudisha."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba niliivua?" Alinitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyekosa akili. "Yule hajawahi kunisamehe hata chumvi kuzidi. Wewe bado msichana, utaolewa kwingine. Mimi nitakwenda wapi?"

Nimemchukia mwanamke yule kwa sababu nyingi, ila kwa jibu lile nimemchukia kwa namna ya peke yake, maana lilikuwa la kweli. Aliogopa kama nilivyoogopa mimi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumtupa mbele ya fisi.

Nikarudi sebuleni nikasema, "Chomeni. Ikiwa ni bati itaharibika kwenye moto. Ikiwa ni dhahabu, zebaki itaruka na rangi itarudi. Lakini tuchomee nje, moshi wake haufai."

Nje kulikuwa na majirani waliokuja ubatizo. Shangazi akasema aibu ya ukoo haiokwi barabarani kama mahindi. Baba mkwe akaleta jiko la mkaa na kikaango chake cha chuma cha kuchomea, mlango ukafungwa, na madirisha pia. Nikasema tena kwamba mvuke ule ni sumu.

"Kidato cha nne kinaongea," akasema shangazi, na mume wangu akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini nilisikia.

Waliamua nichome mwenyewe. Pete ilikataa kutoka, ikabidi sabuni, na shangazi aliivuta mpaka ngozi ikatoka nayo. Niliiweka kwenye kikaango, nikachuchumaa, nikajifunika pua kwa kanga na kuanza kupepea mkaa.

"Toa kanga usoni," shangazi akasema. "Tuone midomo. Usije ukaisemea maneno."

Nikatoa. Basi tukavuta wote. Hakuna kilichoonekana na hakuna kilichonuka, jambo ambalo liliwapa imani kwamba nilikuwa naongopa. Shangazi alisogeza kigoda mpaka magoti yake yakakaribia jiko, akainama juu ya kikaango asije akaibiwa kwa kiinimacho. Sitajifanya mwema hapa. Nilikuwa nimewaonya mara mbili, na kumwona ameinamisha pua juu ya moto ule kulinipa raha. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye mkeka. Katika nyumba ile yeye peke yake alikuwa anajua kwamba nasema kweli, na hakufungua hata dirisha.

Weupe ulianza kufifia pembeni. Pete ikawa ya kijivu, kisha ya udongo, kisha njano iliyochoka ikaanza kutokea. Baba mkwe akasema "Eeh." Shangazi hakusubiri ipoe. Aliiokota kwa pindo la kitenge, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaitia mdomoni akaing'ata. Ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama vile imedonolewa na kuku, na upande mmoja ilikuwa nyembamba kuliko zamani.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Imekonda, lakini ndiyo yenyewe."

Aliirudisha kwenye kidole changu, juu ya kidonda. Nikangoja neno. Hata samahani ya mdomoni ningeipokea, maana nilikuwa na njaa nayo. Shangazi akaomba chai. Baba mkwe akafungua mlango akaenda kuwasalimu majirani. Mume wangu aliniambia kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, "Si unaona? Mambo yamekwisha." Jioni shangazi alilalamika kwamba chai ina ladha ya sarafu na kifua kinambana, akasema sijui kupika chai. Asubuhi aliondoka na gari la Ushirombo, akikohoa.

Ng'ombe wakabaki walipo. Mke wa kaka yangu akajifungua kwenye nyumba ile ile, na baba hakuijua simu aliyonusurika nayo. Nami nikabaki Katoro, mke halali wa watu, pete kidoleni, jina safi. Nilikuwa nimeshinda, na asubuhi ile nilifagia ua nikiwa na furaha ya kijinga kifuani.

Mchana baba mkwe alirudi na ndoo. Mama mkwe akaweka beseni chini, akamwaga mchanga, akatikisa kichupa karibu na sikio kusikia kilichobaki. Nilikaa kwenye kigoda, nikakunja mikono ya gauni. Nilipotaka kuanza, alinishika kifundo cha mkono. Alinishika taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe aliniangalia kwa huruma, nikadhani sasa atasema.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Vua pete. Tusije tukaiharibu tena."

Niliivua kwa sabuni. Akaifunga kwenye fundo la kanga yake, akanisogezea beseni, nikaingiza mikono.