Dawa ya Zuhura ilivuliwa barakoa mapema, nami nikanyamaza

Wakuu, salaam. Haya nayasema kama yalivyokuwa, hata mkinitukana.

Mimi ni wa Junda, nafanya kazi kwenye lab ya chuo kimoja hapa Mombasa. Tunatengeneza dawa zilizovishwa barakoa. Yaani dawa kali unaifunika kwa kipande cha kemikali ili isidhuru njiani. Ikishaingia ndani ya seli ya saratani, vimeng'enya (enzymes) vya humo vinakikata hicho kipande, dawa inaanza kazi.

Tulikuwa wawili tunaitaka nafasi moja ya PhD ng'ambo. Mimi na Zuhura wa Kiembeni.

Zuhura alinikuta hapo. Hata kushika pipette nimemfundisha mimi! Miezi michache tu, dawa yake ikawa inaua seli kuliko yangu, na profesa kila saa Zuhura, Zuhura. Wivu ulinikaba jamani. Hata akicheka nilikuwa nachukia.

Siku moja akaniletea kazi yake.

"Kaka, hebu nitazamie kabla sijaiwasilisha. Wewe ndiye mwenye jicho."

Kosa nikaliona papo hapo. Seli zake alizilisha seramu ya ng'ombe, yale majimaji ya damu, kama sote tunavyofanya kila siku. Lakini seramu nayo ina vimeng'enya vyake. Barakoa ilikuwa inakatwa nje, dawa haijaingia popote. Kwa mgonjwa, dawa ikifunguka kwenye damu namna hiyo, ni sumu.

Nikamwambia, "Iko sawa, mashallah."

Nilitaka aaibike mbele ya watu. Ndio ukweli wenyewe.

Siku ya kuwasilisha ikafika. Zuhura akasimama, akasema mwenyewe kwamba juzi aliiweka dawa kwenye seramu tupu, bila seli, na barakoa ikakatika. Matokeo yote ya mwanzo ameyatupa. Akaonyesha barakoa nyingine anayotaka kuijaribu.

Nafasi akapewa yeye.

Tulipotoka akanifuata.

"Kaka, kwani wewe hukuliona?"

"Wallahi sikuliona."

Nikaapa uongo, wakuu. Akanitazama kwa huruma.

"Usijali, ni kosa gumu kuliona. Jumatatu inshallah nitakaa nawe nikuelekeze."

Nilichojifunza ni kwamba wivu haukunipa ile nafasi, na heshima niliyokuwa nayo kwake umeichukua. Ningesema siku ile, angalau angejua kuwa najua.

Sasa nishaurini. Nimwambie ukweli, au Jumatatu niende tu na daftari langu?