Linki Zilizomgomea Karani

Mtaa mzima ulimwita Karani, ingawa ukarani wenyewe alikwisha kuuaga siku nyingi. Kustaafu kulikuwa hakujamwingia akilini. Kila asubuhi alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akachomeka kalamu mfukoni, akaenda kazini, yaani akavuka sebule. Kona iliyo chini ya dirisha ndiyo ilikuwa ofisi: meza, kiti chenye mto, na kompyuta ya mezani ambayo mkewe aliifunika kila jioni kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kona ya pili ilikuwa ya mkewe na cherehani yake. Wakashinda hivyo kutwa, huyu anagonga vibonye, yule anakanyaga cherehani, na ni nani anayempigia mwenzake kelele hawajapata kukubaliana hadi leo.

Simu zao zilikuwa zile za kupiga na kupokea tu. Jambo la maana, Karani alitaka liandikwe na liingie kwenye kompyuta yake, katika ile programu ya barua pepe aliyoipenda kwa sababu ilikuwa na majalada, kama ofisi ya heshima. Kwa hiyo binti yao aliyekuwa akisoma chuo kikuu nchi ya mbali alipokaribia kumaliza, habari ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Alhamisi, saa nne asubuhi, angesimama mbele ya watahini kuutetea utafiti wake. Wageni wangeruhusiwa kusikiliza kwa mtandao. Linki ilikuwa mle ndani ya barua.

"Ila wakianza tu, mlango unafungwa, Baba," alimpigia kumkumbusha. "Na mimi unanijua. Wakinikodolea macho wote wale nitapotea. Nataka nione jina lako pale kwenye skrini."

"Nitakuwepo," akasema Karani, na akaenda kuijaribu linki.

Akaibonyeza. Kimya. Akaibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba kidole ndicho kilichokuwa na makosa. Maandishi ya buluu yakamtazama tu. Akafungua barua ya gazeti, akabonyeza linki yake, wapi! Ya maktaba, hali ni ile ile. Zote zilikuwa zimemgomea.

Alipoona mambo yamemshinda akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta mwenye duka mtaa wa pili. Shemeji akaja na mkoba wake na mdomo wake, na sijui kipi kati ya hivyo kilikuwa kizito zaidi.

"Umeiloga, shemeji," akasema akijivutia kiti. "Haya, sogea tumpime mgonjwa."

Akampima kweli. Alitazama kama barua ilikuwa imeangukia kwenye jalada la takataka, maana mle programu hufunga linki zote kwa kuogopa matapeli. Haikuwemo. Akatazama kama kompyuta inajua ni programu gani ifungue kurasa za mtandao. Ilijua. Akaizima, akaiwasha, akaifungua barua ya binti, akabonyeza linki mara moja tu, kwa kidole cha maringo. Ukurasa ukafunguka kama mlango uliopakwa mafuta.

"Mashine nzima," akatangaza. "Mbovu ni wewe."

Mkewe alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Karani naye akacheka, maana shemeji ni shemeji, lakini moyoni hakupendezwa. Siku mbili zilizobaki hakuigusa tena ile barua, asije akaiudhi.

Alhamisi ikafika. Karani alikaa kitini mapema, shati jeupe, nywele zimechanwa. Mkewe alisogeza kigoda karibu, kitambaa cha mteja kikiwa bado mapajani. Zilipobaki dakika chache, Karani akafungua barua, akabonyeza linki. Kimya.

Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza.

"Mpigie!" mkewe akamaka. "Unangoja nini? Mtoto atasimama peke yake!"

Shemeji alipokea simu akiwa dukani, mteja mbele yake. Hakutania safari hii, kwa kuwa alimpenda mpwa wake kama roho yake. "Sina muda wa kuja. Niambie unachofanya, kimoja kimoja."

"Nimefungua barua. Nimebonyeza linki. Haiendi."

"Hapo juu unaona nini?"

"Naona neno Tuma."

"Tuma? Tuma ya nini, shemeji? Unasoma barua, Tuma imetoka wapi?"

"Ya jibu," akasema Karani, akishangaa mtu kuuliza jambo la wazi namna hiyo. "Si nimebonyeza Jibu kwanza?"

Hakuwa amelitaja kwa sababu kwake halikuwa jambo la kutajwa. Alipoanza kazi akiwa kijana, mkuu wake wa kwanza, mzee mkali kupindukia, alimfundisha kwamba barua haifunguliwi kabla karatasi ya majibu haijawekwa kwenye mashine ya kuchapa. Barua iliyosomwa bila maandalizi husahauliwa, na mwandishi wake hudharauliwa. Karani akaishika amri hiyo maisha yake yote. Na kompyuta ilipokuja, akaona wamemwekea kitufe cha Jibu, akadhani walioitengeneza nao walilelewa vizuri. Kila barua iliyoingia aliibonyezea Jibu, kisha akaisoma humo humo, chini ya nafasi aliyotengewa kuandika.

Shemeji aliangua kicheko hadi mteja akainama kutazama kuna nini. "Shemeji wangu! Miaka yote hii! Hapo husomi barua, hapo unaandika! Linki ikiingia kwenye barua unayoiandika inakuwa maneno tu, huwezi kuibonyeza ukaenda nayo popote. Funga hilo dirisha. Soma barua yenyewe. Haraka!"

Karani akafunga. Kompyuta ikamuuliza: jibu lihifadhiwe, au litupwe?

Mkono wake ukasita. Ndiyo, ulisita, na mkewe atakuambia hivyo hivyo ukimuuliza. Kutupa jibu la kumpelekea mwanawe mwenyewe kabla hata hajaandika neno! Ilimuuma, na lilikuwa jambo la kijinga kumuuma mtu, lakini lilimuuma.

"Tupa, baba watoto!" mkewe akampigia kelele sikioni.

Akatupa. Akaifungua barua bila kubonyeza Jibu, akabonyeza linki, na ukurasa ukafunguka. Ukamuuliza jina. Akaandika neno moja tu, *Baba*, akaingia.

Wakamwona binti yao. Alikuwa amevaa koti jeusi lililompwaya mabegani, na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusalimu, maneno yakimkwama. Alisema sentensi, akairudia, akanyamaza. Mtahini mmoja akatazama saa yake. Pembeni mwa skrini kulikuwa na safu ya majina marefu yenye vyeo vizito, na chini yao kabisa, *Baba*. Macho ya binti yakashuka kwenye safu ile yakatua. Akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akaanza upya. Hakukwama tena.

Walipomaliza kumhoji, wageni wote walitolewa nje ili watahini washauriane. Skrini ikabaki nyeupe. Mkewe alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akashindwa, akaiacha. Simu ilipolia, waliigombea, na Karani akashinda.

"Baba," binti akasema, "ulilisikia lile swali la pili?"

"Nililisikia."

"Nilijibu vizuri?"

Angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini hakutaka. "Mwanangu, sikuelewa hata neno moja. Swali sikulielewa, na jibu lako pia sikulielewa. Ila niliona umeacha kutetemeka."

Upande wa pili kikasikika kitu ambacho hakikuwa kicheko wala kilio.

"Uliona?"

"Niliona kila kitu."

Mkewe akaipokonya simu. "Hebu tuache hayo! Umefaulu au hujafaulu?"

"Nimefaulu, Mama! Nimefaulu! Nilitaka tu kujua kama Baba aliona."

Karani akageukia dirisha akalia, na hakujificha.