Nyama Tuliyoiita Bado

Nikisikia harufu ya bizari na nyama inayotokota, huuliza, "Nani kapika Bado?" Wajukuu hucheka. Wacheke, wao hawakuwapo.

Baba alikuwa amekufa. Mama alipotoka edani, baba mkubwa alikuja kutoka Horohoro na paja la mbuzi. "Tule, shemeji, kisha niondoke na mtoto."

Mama akateleka chungu. Kila alipoulizwa, "Haijaiva tu?" alijibu, "Bado, shemeji," akaongeza maji. Kufika alasiri nyama ilikwisha kuachana na mfupa, imekuwa kama uji.

"Shemeji," akasema baba mkubwa, "pakua."

Mama akapakua. Nikala uzi mmoja mmoja wa nyama, polepole kuliko wote.

Baba mkubwa akaniinamia. "Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, baba."