Sufu na Sufi

Kwenye rafu ya dirisha la chumba cha mbele aliishi kiboko mwenye haya. Ukubwa wake haukuzidi ngumi ya mtoto, na macho yake alikuwa ameyaziba kwa miguu ya mbele, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi akamkuta mwenyewe anaoga. Jirani yake alikuwa bundi aliyevaa ndala. Halafu tembo aliyeutupa mkonga wake begani kama mkoba wa kwenda nao sokoni, na mwisho kabisa, karibu na pazia, twiga mfupi ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe alikataa kurefuka. Asubuhi jua lilipopenya pazia, vivuli vyao vilirefuka ukutani, na twiga peke yake ndiye aliyeonekana kuchukizwa na jambo hilo.

Aliyewatengeneza ni Mama Pasi. Jina lake la kuzaliwa tusihangaike nalo, maana hata mtaani walikwisha kulisahau. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu na harufu ya wanga wa nguo, na kama ulimpa shati lenye mikunjo alilitazama kwanza kwa huruma, kama daktari. Kazi ya wanyama aliipata kwa kosa la mtu mwingine. Mfuaji mmoja pale kwa dobi alitumbukiza sweta la sufu la mteja kwenye maji ya moto, akalisugua kwa bidii zake zote, na sweta la baba mtu mzima likatoka limejikunja, gumu kama zulia, la kumtosha mtoto wa chekechea. Mteja alifoka, tajiri wao akalipa, sweta likatupwa. Mama Pasi akaliokota. Alipolikata kwa mkasi aliona halifumuki hata uzi mmoja, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa amekwisha kulionea huruma. Usiku ule likawa panya.

Baadaye akajua kuwa si lazima kuharibu sweta la mtu. Sufu ya kondoo ambayo haijasokotwa ukiichoma na sindano yenye vijino vidogo, nywele zake hukamatana. Ukichoma tena hukaza. Haba na haba, kile kilichokuwa kama wingu kinakuwa shavu, kinakuwa goti, kinakuwa mnyama anayekutazama kana kwamba wewe ndiye wa ajabu.

Lakini wanyama wenyewe walitoka wapi? Hilo ndilo jambo. Walitoka kichwani mwa mumewe.

Mzee Godoro alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Tangu ujana wake alishinda kibandani nyuma ya nyumba akipasua maganda ya msufi, akichambua mbegu, akijaza yale manyoya laini ya mti ndani ya vitambaa na kuyashona kwa sindano ndefu kama mkono. Sufi ilikaa kwenye nyusi zake, kwenye masikio yake, na mkewe aliapa kuwa ilimwingia hadi kichwani, ndiyo maana akaota ndoto zile. Maana mtu huyu aliota! Wengine huota wanakimbizwa, au wako kwenye mtihani bila nguo. Mzee Godoro aliota wanyama, na asubuhi wakiwa na chai aliwasimulia.

"Nimeota kiboko," alikuwa akisema, akikoroga.

"Wa namna gani?"

"Ana haya. Akitazamwa tu anajificha macho, lakini hilo tumbo lote liko nje, na yeye anaamini haonekani."

Mama Pasi alikwenda kazini na kiboko yule kichwani, akampigia pasi juu ya mashati ya watu siku nzima, na baada ya siku chache akamweka mezani, mbele ya mzee. Usidhani mzee alishukuru. Aligeuzageuza, akakodoa macho, akasema, "Siye huyu. Wangu alikuwa mnene zaidi hapa."

"Basi ungemkamata ukaja naye."

"Na masikio haya umeyatoa wapi? Haya ya mbuzi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kubishana ndiko kulikuwa kupendana kwao, na walipendana sana, hata majirani wa ukuta kwa ukuta walisikia.

Kisha kiharusi kikaja. Hakikubisha hodi. Kilimkuta mzee amesimama kibandani, kikamlaza juu ya godoro ambalo hakulimaliza kulishona. Mguu ulirudi, kwa mkongojo. Mkono wa kushoto haukuwahi kuondoka; wa kulia ndio uliolala. Akili ilikuwa palepale, macho yaliona kila kitu. Ila ulimi. Siku ya kwanza aliyojaribu, alimtazama mkewe usoni akitaka maji, akakusanya nguvu, akasema kwa sauti kubwa, "Mbuzi!"

Mama Pasi akacheka. Hakukusudia ubaya wowote. Alicheka kama alivyocheka asubuhi zote za ndoa yao, kwa mapenzi na kwa nafuu ya kuisikia tena sauti ile. Lakini aliona uso wa mume wake ukijifunga, taratibu, kama duka linalofungwa jioni. Tangu hapo mzee hakusema neno. Si mbuzi, si maji. Alionyesha kwa kidole, akatikisa kichwa, basi.

Mtaalamu wa matamshi wa hospitali, binti mwenye sauti ya upole, alimweleza Mama Pasi wazi. "Mama, maneno yapo. Ninayasikia yakihangaika humo ndani. Lakini asipojaribu sasa, kadiri siku zinavyokwenda njia inazidi kuziba. Inaweza ikaziba moja kwa moja."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Mfanye atake kusema. Mengine mimi nitamsaidia."

Mfanye atake! Rahisi kusema. Mama Pasi akatia chumvi kwenye chai. Mzee akainywa yote. Akamvalisha shati ndani nje. Mzee akakaa nalo hivyo hivyo kama mfalme aliyetekwa. Akaona heri arudi kwa wanyama. Ndoto za mzee hazikuwepo tena, kwa hiyo akatumia zake, nazo zilikuwa ndoto za mpiga pasi: kola, kola, mikono mirefu, kola. Basi akatengeneza makosa ya makusudi. Akaleta jogoo mwenye miguu minne. Akaleta simba aliyeota ndevu mgongoni. Akamwekea mapajani na kungoja.

Mzee akatazama, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anayesema: Vizuri. Vizuri sana.

Mama Pasi akaenda jikoni kulia. Mtu aliyeishi naye miaka yote hakuwahi kuwa na adabu kwa mnyama wake hata mmoja.

"Wifi," alisema dada wa mzee, aliyekuja kila siku kuwaangalia na kuwachosha, "hao wanyama wamekukosea nini unavyowachoma namna hiyo?"

"Wanajua wenyewe."

"Mimi ningekuwa bundi yule ningekushitaki. Na ndala zenyewe hazilingani."

"Wifi, badala ya kuniletea maneno, niletee sufu. Nyeupe, mfuko mmoja. Duka la nyuzi, mwisho wa barabara."

Maana safari hii alikuwa ameota kweli. Ndoto ya kwake mwenyewe, ya kwanza yenye mnyama. Aliota mnyama mkubwa mweupe asiye na jina, mwenye usingizi, anayepita mtaani taratibu sana akichungulia dirisha moja baada ya jingine. Hakuwa na haraka wala hakumtisha mtu. Kila dirisha alilochungulia, waliokuwa ndani walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kuzungumza. Mama Pasi aliamka kabla mnyama hajafika dirishani kwake, na moyo ulimuuma kwa hilo kuliko alivyoweza kumwambia mtu yeyote.

Wifi akaenda dukani. Alikwenda na simu sikioni, akimsimulia rafiki yake habari za arusi fulani, na katikati ya bwana arusi na mama mkwe akamwambia muuzaji anachotaka. Kama yeye alisema vibaya au muuzaji alisikia vibaya, hilo watajibizana wao mpaka kiama. Mfuko aliupitisha dirishani akaendelea na safari zake, na arusi yake.

Ilikuwa Jumapili, alasiri, na mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, ile isiyo na neno na mtu. Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mama Pasi alikaa mkabala naye, kipande cha sifongo cha kuchomea mapajani, sindano mkononi. Akatia mkono mfukoni bila kutazama, akatoa bonge moja, akaanza kuchoma. Macho yake yalikuwa nje, kwenye barabara iliyolowa, ambako kama ungetazama kwa namna fulani ungeweza kuona kitu kikubwa cheupe kinakuja. Akachoma. Akaongeza bonge jingine, akachoma. Mtu mwenye mawazo hata chumvi huiita sukari.

Kitu hakikukaza. Alidhani ni mkono umechoka. Akachoma zaidi, na kila alipochoma, manyoya mepesi yaliruka juu, yakaelea chumbani bila haraka, yakatua juu ya kiboko, juu ya tembo, kwenye nywele zake. Chumba kizima kilikuwa kimya na cheupe, kama kiko ndani ya ndoto ya mtu.

Nyoya moja likatua kwenye mkono wa shati la mzee.

Mzee akalitazama. Akaliokota kwa mkono wake mzima, akalisugua kati ya vidole viwili, akalipeleka puani. Kisha akainua macho na kumtazama mkewe akichoma, akichoma, akichoma, kitu ambacho hata ukikichoma mwaka mzima hakitashikana, kwa kuwa hakijaumbwa kushikana. Nyusi zake zikakutana. Akagonga mkongojo sakafuni.

"Unataka chai?"

Akakataa kwa kichwa.

"Nikupeleke msalani?"

Akagonga tena, kwa hasira. Shingo yake ilikaza, midomo ikatetemeka, na Mama Pasi akaona kitu kinapanda kooni mwake kama ndoo nzito inavyopandishwa kisimani.

"Su," akasema mzee. "Su… sufi."

Sindano ikasimama hewani. Mama Pasi akatazama mkono wake, na kweli, ilikuwa sufi, sufi tupu, mtoto mchanga angeijua. Mke wa fundi magodoro amekaa kuchoma sufi! Alitaka kuruka, alitaka kumkumbatia, alitaka kumwita Mungu kwa sauti. Hakufanya hata moja. Alimjua mume wake. Akikubali tu, akisema kweli mume wangu ni sufi, mjadala umekwisha, na mlango utafungwa tena.

Basi akainamisha kichwa juu ya kazi yake, akachoma mara nyingine, akasema bila kujali, "Sufu hii."

Mzee akaegemea mbele kitini.

"Sufi," akasema mzee.

"Sufu. Nimenunua mwenyewe."

"Sufi!"

"Macho yamekuzeekea. Sufu safi kabisa, ya kondoo."

"Ko…" Mzee alihema. Neno lilimponyoka, akalifuata, akalikamata. "Kondoo! Mti! Mti!"

"Mti gani? Kondoo anapanda mti?"

Mama Pasi alijichoma kidole, na hakukitazama. Alikuwa anaomba kimoyomoyo: asichoke, Mola wangu, asichoke bado.

Mlango ukafunguka, wifi akaingia akikung'uta mwavuli, na akasimama palepale, maana alikuwa amesikia. Akamtazama kaka yake, mwekundu wa macho, jasho likimtoka. Akatazama mfuko mezani. Akili ikamjia yote kwa pamoja, duka na simu na arusi.

"Ah, wifi, nisamehe," akaanza, "mimi nime…"

"Wifi," Mama Pasi akamkatiza, akimshika mkono na kuufinya mpaka mwenzake akashtuka, "wewe ndiye shahidi. Mwambie kaka yako. Hii niliyoshika ni nini?"

Wifi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuelewa jambo bila kuelezwa mara tatu, safari hii alielewa. Machozi yalimjaa.

"Sufu," akasema. "Kaka, hiyo ni sufu. Kila mtu anajua."

Mzee Godoro akawatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliopatwa na wazimu. Akaushika mkongojo kwa mkono wake mzima. Akainuka, akayumba, akasimama. Mdomo ukafunguka ukafungika, ukafunguka tena, na maneno yakaanza kutoka, moja moja, yamepinda, yamechelewa, kila moja limebebwa mgongoni.

"Mimi," akasema. "Mimi… maisha yangu… yote… sufi… siijui?"

Mama Pasi hakuona vizuri tena, machozi yalikuwa yanamdondokea mapajani, juu ya manyoya yale meupe. Akainua kidevu.

"Huijui," akasema.